Mkutano Chini ya Tuta

Kazi yangu kiwandani ilikuwa kusema na watu. Kwenye kitambulisho nilichovaa shingoni nilikuwa ofisa uhusiano wa jamii, lakini kijijini waliniita binti wa kiwanda, ingawa ubinti ulishanitoka siku nyingi. Kiwanda kilikuwa cha ngozi. Malori yalizileta mbichi kutoka machinjio ya Muheza, Handeni na hapa mjini, zikalowekwa, zikanyonyolewa manyoya, zikalainishwa kwa dawa, kisha zikasafirishwa ng'ambo kushonwa viatu na mikoba. Maji yaliyotumika yalitoka yakiwa ya kijivu yenye ubuluu kwa mbali, na harufu ya kukaba koo. Yalikusanywa kwenye bwawa kubwa nyuma ya kiwanda, juu ya mwinuko, yakingoja kusafishwa.

Chini ya mwinuko huo kuna kijiji, ukishaipita Tongoni. Watu wake wana minazi na mihogo, na wanawake hupanda mwani kwenye maji mafupi karibu na mikoko. Shangazi yangu, dada mdogo wa marehemu baba, aliolewa pale, na naamini hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya mimi kuajiriwa. Walitaka mtu anayejua kupiga hodi na kukaa mkekani. Nilipeleka madawati shuleni, tangi la maji zahanati, tende na mchele mwezi wa Ramadhani. Watu walipokea na kushukuru. Wachache waliuliza mbona maji ya visima vya karibu na mwinuko yamebadilika ladha. Niliyapeleka maswali yao ofisini, na kila mara jibu lilikuwa kwamba wataalamu wanalishughulikia.

Mwaka ule masika yalikuja na hasira. Mvua ilinyesha, ikapumzika kidogo, ikarudi. Na katikati ya mvua hizo ndipo wageni walipopangiwa kuja. Walitoka taasisi ya fedha ya nje iliyokuwa ikifikiria kukisaidia kiwanda kijipanue, na sharti lao lilikuwa moja: waone kwa macho yao kwamba kiwanda kinaishi vizuri na majirani na hakiharibu ardhi wala bahari. Nikaambiwa niandae mkutano wa hadhara. Pilau ipikwe, watoto wa shule waimbe, wazee wakae mbele. Mahali pa kutosha watu wote palikuwa kiwanja cha mpira tu, na kiwanja hicho kilikuwa miguuni pa tuta la bwawa, ule ukuta wa udongo uliozuia maji.

Siku moja kabla ya mkutano, baada ya alasiri, nilipanda tutani na mhandisi wetu kuangalia mahali ambapo wageni wangesimama kupiga picha. Alikuwa mtu wa Lushoto, mpole, na msimu ule wote hakuwahi kuonekana bila koti lake la mvua la njano. Tulipofika juu alisimama, akaniambia nisiendelee mbele. Nikatazama miguuni mwangu. Ufa ulikuwa umepita juu ya tuta kwa urefu, kiganja changu kingeweza kuingia. Upande wa nje, ule unaotazama kiwanja, udongo ulikuwa umelowa na majani yamelala kuelekea chini. Katikati ya majani maji yalikuwa yakichuruzika bila sauti, na hayakuwa meupe wala mekundu kama maji ya mvua. Yalikuwa na ule ubuluu.

Nilimuuliza kama ofisini wanajua. Akasema amewaambia tangu wiki iliyopita. Alitaka mashine zisimame na maji yapunguzwe, akajibiwa asubiri wageni waondoke. Nikamuuliza kama tuta litahimili mpaka kesho jioni.

"Dada, sijui," alisema. "Linaweza kukaa mwezi. Linaweza kuondoka tukiwa tumesimama hapa."

Tulishuka. Nilikuwa nikikanyaga taratibu kama mtu anayepita chumba alicholala mtoto.

Nilikwenda moja kwa moja kwa meneja. Alikuwa mtu wa bara, msomi, mwenye adabu, sikuwahi kumsikia akimfokea mtu. Aliinuka akafunga mlango kabla sijamaliza salamu. Nilimweleza nilichokiona, nikamwomba tuuhamishie mkutano uwanja wa madrasa, ng'ambo ya barabara, ambako ardhi imeinuka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mahema yameshasimamishwa, wageni wameshatumiwa ratiba, na tukibadilisha mahali dakika za mwisho wataanza kuuliza kwa nini. Wakiondoka tu, alisema, atazima mashine na kulijenga tuta upya. Halafu akaongeza, kwa sauti ileile ya upole, kwamba nikitamka neno ufa mbele ya wageni wale, kiwanda kitafungwa, na watu wote watarudi majumbani mwao mikono mitupu, kaka yangu akiwa mmojawapo.

Kaka yangu alikuwa akifanya kazi idara ya kuloweka ngozi. Tuliishi nyumba moja Mabawa, yeye na mkewe na wanawe, mimi na mama. Nilimtazama meneja nikitaka kumchukia, lakini alikuwa akiifunga na kuifungua kalamu yake bila kuandika neno, na alipoona namtazama vidole aliiweka mezani akaificha mikono chini. Nikajua kwamba naye anaogopa, na hilo lilinitisha kuliko vitisho vyake.

Asubuhi mvua ilinyesha tangu alfajiri, kisha ikakatika na jua likatoka kali. Nilipofika kiwanjani watu walishaanza kuingia. Walimu walikuwa wamewakalisha watoto mbele kabisa, kwenye mikeka, migongo yao ikielekea tuta. Wazee walikuwa kwenye viti vya plastiki. Nilisalimia shikamoo huku na huku na sikusikia nilivyoitikiwa. Macho yangu yalikuwa kule juu. Doa la maji lililokuwa kama mkeka jana, sasa lilikuwa kama paa la nyumba.

Mhandisi alikuwa amesimama juu ya tuta. Tulikuwa tumekubaliana kwa simu asubuhi ile: akiona ufa unapanuka, atavua koti lake la njano, nami nitajua.

Nilikwenda nyuma ya mahema, kwa wapishi. Shangazi ndiye aliyekuwa mkuu wao. Nilimvuta pembeni nikamwambia yote, kwa kunong'ona, nikiogopa hata upepo usichukue maneno. Hakupiga kelele. Alitazama tuta, akatazama kule walikokaa watoto, akajifunga upya kanga yake kiunoni. Aliniuliza kwa nini nisiwaambie watu wakimbie. Nikamwonyesha njia ya kutokea. Kiwanja kile kilikuwa na mtaro mpana upande mmoja na mikoko upande wa pili, na njia ilikuwa moja tu, nyembamba, ya kuelekea barabarani. Wakikimbia watakanyagana, na watakaokanyagwa ni watoto na vikongwe. Nilitaka watembee. Nikamwomba ayahamishe masufuria yote madrasa, sasa hivi.

"Pilau haijaiva," alisema.

"Ihamishe hivyohivyo, shangazi."

Akawaita wenzake. Hakuwaeleza sababu. Aliwaambia tu kwamba mipango imebadilika, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kusikilizwa, masufuria yakainuliwa yakapakiwa kwenye gari dogo la mizigo, mchele ukiwa bado unatokota.

Wageni walifika, wakaketi chini ya hema kubwa. Watoto waliimba. Meneja akasimama kuwakaribisha, nami nilikuwa kando yake kutafsiri. Sikumbuki alisema nini. Nakumbuka kwamba nilikuwa nikitafsiri huku nikitazama juu ya vichwa vya watu. Kisha nikamwona mhandisi akivua koti. Alilivua taratibu, akalishika mkononi, akaanza kulipunga.

Nilinyoosha mkono nikachukua kipaza sauti mkononi mwa meneja, kama vile ndivyo tulivyopanga. Nilijilazimisha kutabasamu.

"Ndugu zangu, chakula tutakula uwanja wa madrasa, na hotuba zitaendelea hukohuko," nilisema. "Watoto watangulie na walimu wao. Wafuate wazee na kina mama wenye watoto wachanga. Twendeni polepole, chakula kinatosha."

Watu walinung'unika. Mzee mmoja alisema huo ni utaratibu gani, mgeni hajamaliza kusalimiwa. Meneja alinigeukia na uso wake ulikuwa umekauka. Nilitazama juu tu, naye akafuata macho yangu. Alimwona mtu akipunga koti. Alibaki hivyo kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Halafu akainama, akamshika mkono yule mzee aliyekuwa akilalamika, akamwinua kwenye kiti na kuanza kuongozana naye kuelekea njiani. Wageni walipoona vile nao wakainuka.

Sijawahi kuona watu wakitembea polepole namna ile. Walisimama kusalimiana. Walirudi kuchukua kanga, mwavuli, mtoto aliyekuwa akichezea kamba za hema. Nilikuwa nyuma kabisa nikiwasukuma kwa maneno ya utani. Karibu wote walikuwa wameshafika barabarani nilipoona bibi mmoja amerudi kiwanjani kutafuta kandambili zake chini ya viti. Nilimfuata. Ningependa kusema nilikwenda kwa ushujaa, lakini nilikuwa nikilia.

Tuta halikulipuka. Lilitoa sauti kama ya lori linalomwaga mchanga. Nilipogeuka, kipande chake chenye upana wa nyumba kilikuwa kikiteleza kuja chini, na nyuma yake yakaja maji. Yalivibeba viti vya plastiki, yakalaza hema la kwanza, kisha la pili. Nilimshika bibi kiunoni nikamkokota. Maji yalitufika magotini kabla ya barabara, mazito, na ngozi ya miguu ikaanza kuwasha kama imepakwa pilipili. Mikono ya watu ilitupokea ikatuvuta juu.

Hakufa mtu; hata mhandisi alikuwa ameshashuka kwa upande wa kiwanda. Walimu waliwaita watoto kwa majina, kila jina likaitikiwa. Walikufa kuku na mbuzi waliofungwa pembeni ya kiwanja. Maji yaliingia visimani, yakapita kwenye mikoko, yakaishia kwenye mashamba ya mwani.

Pale uwanja wa madrasa, watu wakiwa bado wanahema, mama mmoja mtu mzima miongoni mwa wageni aliuliza kwa Kiingereza kama lile limesababishwa na mvua. Nilimtazama meneja nikingoja jibu la kutafsiri. Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope na bado alikuwa amemshika mkono yule mzee. Hakumjibu mgeni kwa Kiingereza. Alijibu kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo hata wapishi waliisikia.

"Tulijua. Mhandisi alituambia wiki iliyopita, na dada huyu aliniambia jana. Mimi ndiye niliyesema mkutano ufanyike pale."

Nilimtafsiria yule mama, na sauti yangu niliisikia kama inatoka kwa mtu mwingine. Nilihofia watamrukia, lakini hakuna aliyesogea. Yule mzee akauondoa mkono wake taratibu.

Wenye kiwanda walimwondoa meneja haraka, na serikali ikakifunga kiwanda. Yakafuata yale aliyonitabiria. Kaka yangu alikaa nyumbani miezi mingi bila kazi na bila kunisemesha. Akitaka chumvi alimwomba mama, na chumvi ilikuwa mbele yangu. Sokoni nilisikia nikisemwa kuwa nimewakatia watu riziki, kwamba tuta likatike lisikatike, mimi ndiye niliyewaaibisha mbele ya wageni. Kuna kipindi pikipiki moja ilikuwa ikinifuata polepole kutoka kituoni mpaka karibu na nyumbani, kisha ikageuza. Sikumjua aliyeiendesha. Nilianza kupita njia nyingine kila siku, na mama akawa hafungui mlango mpaka asikie sauti yangu.

Miguu ya shangazi ilitoka vidonda. Siku ya pili tu alikuwa ameingia majini kuokoa mwani wake, kabla hajakatazwa. Vidonda vilipona vikaacha mabaka. Wataalamu walipopima wakasema bahari ni salama, wenzake wakarudi. Yeye hajarudi. Anauza vitumbua.

Wale wageni, ambao sote tulidhani hatutawaona tena, walirudi. Walisema watakisaidia kiwanda, ila bwawa lijengwe upya mbali na makazi, lizibwe chini lisivuje, visima vichimbwe upande wa pili, na kijiji kiwe na kamati yenye ruhusa ya kuingia kiwandani saa yoyote. Kijiji kikanitaka mimi niwe katika kamati hiyo, na kiwanda, nadhani kwa shingo upande, kikanirudisha kazini. Kaka naye akarudi. Sasa tunazungumza, ingawa siku ile hatuitaji.

Masika yaliyopita mhandisi alikuja ofisini kwangu akiwa ametota. Alisema maji ya bwawa jipya yamepanda kupita alama, tuta lenyewe ni zima, lakini yeye angependa mashine zisimame mpaka mvua ipungue. Meneja mpya hakutaka. Tulibishana mlango ukiwa wazi, kila mtu akisikia, nikamwambia kamati itaingia na kijiji kizima nyuma yake. Mwishowe akakubali, na vibarua wanaolipwa kwa siku wakaambiwa waende nyumbani. Nilipotoka getini jioni walikuwa wamesimama pande zote mbili za njia, kimya, mvua ikiwanyeshea. Nilipita katikati yao nikiwasalimu mmoja mmoja, na baadhi yao waliitikia.