Kilima cha Mama Waya

Hospitali nzima ilimwita Mama Waya. Miaka kumi na tisa alikuwa akibandika waya kwenye vichwa vya watu, akiwavisha visikilizio, kisha akiangalia ubongo unavyoitikia sauti: ti, ti, ti, halafu ghafla to! Kwenye ile to umeme wa ubongo huruka, na karatasini huchoreka kilima.

Kila asubuhi alianza na kichwa chake mwenyewe. Kilima chake alikibandika ukutani, na wagonjwa wa siku hiyo akawapima kwa hicho. Hakufundishwa na mtu. Ulikuwa ujanja wake, na aliuringia.

Jumatatu hiyo karatasi ilitoka bila kilima. Kichuguu tu.

Akabadilisha waya, akabadilisha visikilizio. Kichuguu. Akamwita daktari mpya, dada mmoja asiye na maneno mengi.

"Mwanangu, mashine imekufa."

Daktari akajibandika waya mwenyewe. Kilima kikasimama wima.

"Mashine ni nzima, mama. Unatumia dawa yoyote?"

"Mimi? Labda vidonge vya usingizi tu. Dada yangu alinipa, mume wangu alipofariki. Miezi mitatu sasa."

Daktari alivua visikilizio taratibu. "Umeme ule hauruki wenyewe, mama. Chembe za ubongo hupashana habari kwa kemikali. Vidonge hivyo vinaipa nguvu kemikali inayozituliza, na kilima kinashuka."

Mama Waya alifungua droo, akatandaza sakafuni karatasi zake za miezi mitatu. Kilima kilishuka kidogo kidogo, kila siku kikifanana na cha jana. Akakaa chini palepale.

"Yule mchomeleaji wa wiki iliyopita," alisema. "Mkewe alilia hapa, mume anasahau hadi njia ya nyumbani. Kilima chake kilikuwa kifupi. Nikakilinganisha na changu kilichokuwa kimeshuka, nikaandika: sawa."

Alipiga simu nyumbani kwa mchomeleaji. Mke akapokea kwa furaha.

"Mama Waya! Ulivyosema ni mzima, nikaacha kumsindikiza. Leo ametoka alfajiri peke yake."

"Amefika kazini?"

"Wenzake wamenipigia sasa hivi, wanauliza yuko wapi. Nikawaambia atakuwa njiani."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne.

"Si mzima, mdogo wangu," alisema Mama Waya. "Nimekosea mimi. Toka umtafute. Nami nakuja."