Raba Nyekundu za Marehemu

Ukiwauliza wenzangu wa timu ya chuo hapa Kitale, watakwambia nacheza mpira wa vikapu kwa kumkumbuka rafiki yangu. Kocha hupenda kulisema hilo kabla ya mechi, kwa sauti ya mahubiri, na wasichana wote wanainamisha vichwa. Kumbukumbu gani? Nilikuwa nacheza kwa wivu, na wivu wenyewe ulikuwa wa raba.

Zilikuwa raba nyekundu za mtumba. Tulizichagua pamoja sokoni, yeye na mimi, tukabishana na muuzaji mpaka akatufukuza, kisha akatuita tena. Mguu wangu haukuingia, wake ukaingia. Tulikuwa tumekulia mlango kwa mlango mtaani Tuwan, hapa Kitale, tukidunda mpira mmoja hadi ukaota upara. Alikuwa na kovu la maji ya moto kwenye kifundo, kwa hivyo tundu la juu kabisa la raba hakuwa analitia kamba. Mambo kama hayo nilikuwa nayajua mimi.

Halafu akapata nafasi chuo cha Bungoma, karibu na kijiji cha wazazi wake, akapewa chumba kimoja na msichana mrefu wa timu yao. Simu zetu zikawa za huyo mrefu. Mrefu amesema hivi, mrefu amepika vile.

"Si uhamie kwake basi," nilimwambia siku moja.

"Na si tayari tunaishi pamoja, bana!" Akacheka. Mimi nikakata simu.

Kabla mwaka wao wa kwanza haujaisha, nimonia ikamchukua.

Tulimzika kwao, nje ya mji wa Bungoma. Nililia mpaka sauti ikaisha. Sasa, sisi ni watu wa Murang'a waliohamia Kitale zamani, na kwetu mtu akishazikwa mnanawa mikono, mnakula, mnaenda. Nikala, nikaenda. Nani aliniambia kwamba kwao msiba hauishii kaburini? Kwamba siku chache baadaye watu hukaa, hunyolewa nywele, na vitu vya marehemu hugawiwa waliopo? Waliopo! Na huyo mrefu alikuwepo. Alikuwa amebaki pale siku zote hizo, akiosha sufuria.

Msimu uliofuata timu yao ikaja kwetu. Niliziona raba kabla sijamwona aliyezivaa. Alikuwa amezifunga kamba mpaka tundu la juu. Haki, nilitaka kulia na kumzaba kofi kwa wakati mmoja. Ati rafiki, na hata hajui zilivyokuwa zinafungwa!

Hapo ndipo nilipokuwa mchezaji. Nilikuwa naamka kabla jirani hajawasha bodaboda yake, nakimbia kwenye barabara ya Eldoret mpaka mbavu zinauma. Nikamwomba kocha anipe kazi moja tu kila tukikutana na Bungoma: kumkaba yule mrefu. Watu wakanisifu, ati sidanganywi na mikono, macho yangu yako chini kila wakati. Nilikuwa natazama raba.

Mechi ya mwisho ya mwaka huu tuliicheza kwao. Mama ya rafiki yangu alikuja, akakaa upande wao, na roho ikaniuma vibaya. Nikampokonya mrefu mpira wa mwisho, tukashinda. Filimbi ilipolia, mama akavuka uwanja mpaka kwangu.

"Mayi," aliniita, yaani mama kwa lugha yao, vile alivyozoea kumwita binti yake. "Siku ya kunyoa tuliuliza wewe uko wapi. Hizo viatu nilikuwa nimekuwekea. Wazee wakasema hakuna kitu yake inabaki kwa nyumba bila kupewa mtu. Nikafikiria umetukasirikia."

Mrefu naye akafika, miguu mitupu kwenye simiti, raba mkononi.

"Chukua," alisema. "Zinanibana tangu siku ya kwanza. Hizi ni zako."

Nikazipokea. Zilikuwa bado na joto. Nilikuwa nimezililia msimu mzima, na sasa nikaona wazi mahali zitakapokaa: chini ya kitanda changu Tuwan, ndani ya mfuko wa plastiki. Pale uwanjani, nilipokuwa nimeinamisha macho, nilikuwa naziona zikikimbia. Hakuna mahali pengine palipokuwa pamebaki pa kumwona rafiki yangu akikimbia.

"Kaa chini," nilimwambia mrefu.

Akakaa kwenye benchi, akinitazama kama mtu anayengojea kofi. Nikapiga magoti, nikamvisha, nikaanza kumfunga kamba. Tundu la juu nikaliruka.

"Yeye alikuwa anafunga hivi," nilisema, na sikuongea kwa upole.

"Najua. Ni kwa sababu ya kovu."

"Sasa mbona wewe unafunga mpaka juu?"

"Hiyo ya kuacha tundu ilikuwa yake peke yake."

Wivu ukanichoma upya palepale, kwa sababu neno hilo lilifaa kutoka kinywani mwangu. Nikafungua fundo, nikaitia kamba kwenye tundu la juu, nikaikaza.