Timu ya Parkdale Niliyoifuta

Aibu hii nimeibeba miaka mingi, na mpaka leo mke wangu akiutaja ukumbi ule mimi natazama pembeni. Wakati huo, kwenye miaka ya elfu mbili na kumi, nilikuwa mtunza kumbukumbu wa ligi ndogo ya vijana ya hoki ya barafuni hapa Toronto (mimi mtoto wa Tanga, barafu naijua ya kwenye juisi, lakini mwanangu alicheza, na karani mstaafu haachwi apumzike). Ligi ilikuwa inavunjwa, nikaombwa niandike kijitabu cha historia yake nikisome siku ya kuagana. Orodha ya timu ikazidi ukurasa kwa mstari mmoja, nikaifuta timu ya mtaa wa Parkdale, iliyocheza msimu mmoja tu, nikajiambia nani ataikumbuka.

Siku yenyewe nikasoma kwa madaha, nikasema hizo ndizo timu zote zilizowahi kucheza. Mama mmoja wa makamo akasimama, Mgoa kama mimi, wa asili ya Goa kule India, akauliza kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, Parkdale iko wapi. Kukiri nikaona haya, nikamjibu kwamba timu hiyo haikuwahi kuwepo. Aliposisitiza nikamgeukia mke wangu pale mbele nikanong'ona, "Huyu mama kachanganyikiwa," nikidhani yeye katoka India moja kwa moja na hakuna mwingine anayejua Kiswahili, nimesahau kipaza sauti kiko mdomoni.

Maneno yakasikika ukumbi mzima. Yule mama akanijibu kwa Kiswahili, lafudhi ya Nairobi.

"Sijachanganyikiwa, kaka. Mtoto wangu Savio alikuwa golikipa wao. Alikufa msimu ukiendelea, ndiyo maana wenzake hawakurudi."

Mwenyekiti wa ligi, asiyeelewa kitu, akaniomba nitafsiri tulichosemezana. Nikatafsiri yote, na lile langu pia, ndipo refa mmoja mzee akasimama akasema yeye aliwachezesha vijana wale, anawakumbuka.

Baadaye nikamfuata yule mama kwenye meza ya kahawa kumwomba radhi. Hakusema amenisamehe. Aliniuliza kama nina kalamu. Tukakaa, nikaiandika timu ya Parkdale kwa mkono katika kila kijitabu, na chini yake jina la Savio, watu wamepanga foleni na makoti yao, yeye akikagua herufi moja moja.

Tangu siku hiyo sijafuta jina la mtu. Na Kiswahili, hapa Toronto, sikifanyi tena kichaka cha kujifichia.