Karatasi Juu ya Kaburi la Mwanangu

Mwanangu amezikwa hapa Brussels, sehemu ya Waislamu, chini ya udongo mtupu na kibao cha jina. Kwetu Buyenzi ndivyo tunavyozika. Hatujengi marumaru, hatupangi maua. Baada ya dua ya arobaini tunamwachia Mola, na kumwombea tunamwombea nyumbani. Nilikuwa nikienda makaburini Idi hadi Idi. Sikujua kwamba hapa kaburi lililoota majani, lisilo na ua hata moja, linahesabiwa kuwa limetupwa.

Idi moja nikakuta karatasi kwenye kijiti, imefunikwa kwa plastiki. Kifaransa changu ni cha kusafishia ofisi za Etterbeek. Nilielewa mistari mitatu ya juu: kaburi limeachwa, litaondolewa. Nikaipiga picha, nikaenda kwa Mwalimu.

Mwalimu ni mtu wa kwetu. Alimfundisha mwanangu hesabu hapahapa mjini, mtaa wa Molenbeek, na siku ya mazishi alibeba jeneza. Baadaye aliacha chaki, akagombea ubunge wa mkoa huu wa Brussels. Mimi nilisimama mlangoni mwa kituo cha metro nikigawa vikaratasi vyake. Aliposhinda, nilipomwita Mwalimu alicheka. "Mama, siku hizi ni Mheshimiwa." Ulikuwa utani, lakini hakusema niendelee na lile jina la zamani.

Alitazama picha, akasema jambo hili ni kubwa kuliko kaburi moja, atalifikisha bungeni. Nikangoja miezi mitano. Nikimpigia simu, mara swali limeshaandikwa, mara liko kwenye foleni, mara bunge liko likizo. Nina kosa langu pia: sikumwomba mtu mwingine anisomee ile karatasi. Niliona nina mbunge, yatosha.

Siku ilipofika alinikalisha juu, penye viti vya wageni. Akasoma karatasi yangu mbele ya wenzake, mistari mitatu ileile. Akasema "mwanafunzi wangu", sauti ikamtetemeka. Wakapiga makofi. Waziri akajibu kwamba makaburi ni kazi ya komini, yaani serikali ya mtaa. Mwalimu akashukuru, akaketi. Ndiyo basi. Nilimuuliza ngazini, na kaburi je?

"Mama, tumeshafungua mjadala."

Kesho yake nilikwenda makaburini kumuaga mwanangu mara ya pili. Mfanyakazi wa pale, Mzungu mtu mzima mwenye mabuti ya mpira, aliniona nalia, akaja kuuliza kuna nini. Nikamwonyesha kijiti. Akainama, akaweka kidole kwenye mstari wa chini kabisa wa ile karatasi, akanisomea polepole: jamaa wa marehemu wakilisafisha kaburi na kuiandikia komini kabla ya tarehe hii, halitaguswa. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Niling'oa majani kwa mikono mpaka kucha zikauma. Nikaweka chungu cha maua, jambo ambalo Buyenzi wangenishangaa. Mwenzangu wa kazini akaniandikia barua, nikaipeleka mwenyewe. Wiki haikuisha, kijiti kiling'olewa.

Halafu watu wakanionyesha kwenye simu zao: Mwalimu ameweka picha yangu nikiwa bungeni, na chini yake ameandika kwamba kwa juhudi zake kaburi la mtoto wa Molenbeek limeokolewa.

Mimi sijui kugombana. Nilikwenda ofisini kwake, nikakaa, mkoba mapajani.

"Mwalimu," nikamwambia, "mwanangu alikuwa akirudi nyumbani na maneno yako: Soma swali mpaka mwisho, ndipo ujibu. Karatasi yangu ulikuwa nayo miezi mitano."

Akasema ataiondoa ile picha, akasimama kunifungulia mlango, akaniuliza kama nitakuja kwenye mkutano wake wa Berchem. Nikaweka mkoba begani, nikatoka.

Ijumaa nilikwenda kumwagilia yale maua nisiyoyataka. Siku hizi naenda kila Ijumaa, ili wanaopita waone kwamba mwanangu ana mtu. Ile picha ya bungeni bado ipo.