Besi Iliyobarikiwa Haraka

Gitaa la besi nilianza kulichukia siku nilipokuta nyuzi zake zinachemka kwenye sufuria yangu ya maharage. Ndiyo, nyuzi. Mume wangu Hyasinti alikuwa amezifungua zote nne kwenye gitaa la kwaya, akazikunja, akazitumbukiza kwenye maji ya moto, na anazikoroga kwa mwiko wangu wa ugali. Maji yametoka meusi, yana utando wa jasho na mafuta ya vidole vya miaka mitano. "Zikichemka zinarudisha sauti, Mama Rosa," ananiambia, eti kama ananifundisha kupika. Nilichefukwa. Sufuria ile tangu siku hiyo nawanyweshea kuku.

Nawaeleza haya mjue nimeolewa na mtu wa namna gani. Hyasinti ni Mmatengo wa hapahapa Mbinga, ana kahawa yake mlimani, na mahindi analima kwa ngolo, mashimo yetu ya mteremkoni, kama babu yake. Besi amepigia kwaya ya parokia tangu kabla sijamfahamu, na mimi naimba humohumo, sauti ya pili, nasimama karibu kabisa na spika. Watu husema nilimpendea gitaa. Uongo mtupu! Nilimpenda kwa sababu alikuwa hanywi pombe. Ila sikatai, enzi hizo akiigusa besi mpaka mabenchi ya kanisa yalikuwa yanaitika.

Sasa, habari za besi nimezijua bila kupenda, kama mtu anavyoujua ugonjwa wa mwenzake. Ziko za namna mbili ambazo wapigaji hawaishi kuzigombania. Ya kwanza wanaiita Presisheni. Shingo yake pana, nyuzi zimeachana, na sauti yake ni moja tu, nzito, inakugonga kifuani. Ya pili ni Jazi. Hiyo shingo nyembamba, nyuzi zimekaribiana, sauti kavu kidogo, kila noti unaisikia peke yake. Mtu mwenye akili angesema zote ni besi, apige tu. Hyasinti hapana. Kwake yeye Presisheni ndiyo besi na Jazi ni kichekesho.

Na mdomo hakuwa nao mfupi. Kule Lituhi, ziwani, kuna Meshack, mvuvi, anapigia kwaya ya kule. Yeye ana Jazi. Basi kila kwaya zikikutana, miaka ishirini nzima, mume wangu lazima aulize mbele ya watu: "Jamani, huyu anapiga besi au anatekenya mtoto?" Watu wanavunjika mbavu. Meshack naye anacheka, anashika gitaa lake, anaondoka. Mimi nilikuwa nacheka pia, na leo najionea haya.

Mwaka juzi kahawa ilitugomea, Hyasinti akaenda kuwa utingo wa lori la makaa ya mawe kule Ngaka. Siku moja lori linasubiri kupakia, yeye kaegesha mkono wa kushoto ukingoni pa bodi, anapigapiga wimbo wa Jumapili kwa vidole kwenye chuma. Mlango wa nyuma ukajifunga. Hakuna aliyemkosea, alikuwa anapiga besi kwenye lori la watu. Kidole cha pete na kidole kidogo vilipona, lakini vilipona vikavu, havikunjiki, havitanuki. Na mkono wa kushoto ndio unaokamata shingo ya gitaa.

Hakumwambia mtu. Akarudi kwenye kwaya, akawa anazipitia pembeni noti ambazo vidole havizifikii, anaziruka. Joakim, mwenyekiti wetu wa kwaya, akamsifia: "Mzee siku hizi ana mtindo mpya." Mtindo! Sauti ya pili inasimama juu ya besi, besi ikitoboka ni mimi ninayetumbukia. Nilikuwa nayasikia yale mashimo na yanaongezeka kila mwezi. Nikajua tukiendelea hivi, ipo siku watamwambia apumzike. Na huyo mtu ukimtoa kwenye besi, kinachobaki ni mzee mnuno anayepalilia kahawa. Nani ataishi naye? Mimi!

Mungu si Athumani, gitaa la zamani likapinda shingo, halirekebishiki. Kwaya ikaamua inunue jipya, na wakasema anayepiga ndiye achague. Tukaenda dukani kwa Bwana Azizi, pale karibu na stendi, anauza redio, sola na spika. Ukutani alikuwa ametundika besi mbili, Presisheni nyeusi na Jazi nyekundu. Niliona kama ni majibu ya sala.

Hyasinti akaanza na ile Jazi. Aliishusha kwa dharau, kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota panya. Akakaa kwenye kreti, akapiga wimbo wetu wa matoleo, ule unaoshuka chini kabisa katikati. Vidole vikafika! Vile viwili vilivyokauka akaviacha vipumzike, hivi viwili vizima vikafanya kazi yote, maana shingo ni nyembamba na nyuzi ziko jirani. Hakuruka hata noti moja. Bwana Azizi aliacha kuhesabu betri zake. Hyasinti alikuwa amefumba macho, na mimi nikasema moyoni, asante Mama Maria.

Halafu akaingia Joakim. "Hee! Mzee Hyasinti! Leo na wewe unatekenya?"

Ni hivyo tu. Maneno manne matano ya utani, tena maneno yake mwenyewe. Mume wangu akasimama, akaitundika Jazi kwenye msumari wake. "Namjaribia mtu," akasema. Namjaribia mtu! Mtu gani huyo? Akachukua ile Presisheni nyeusi, hata hakuipiga. Bwana Azizi hakuwa mjinga, alikuwa ameona mkono. Akasema taratibu, "Mzee, kaa nayo wiki mbili. Mkono ukiikataa, irudishe, nitakupa ile nyingine." Hyasinti akajibu mkono wake haujawahi kukataa kitu. Nilisonya mpaka mteja mwingine akageuka.

Nyumbani nikamvaa. "Baba Rosa, mficha uchi hazai. Irudishe."

"Mkono utazoea."

"Utazoea nini wakati vidole viwili vimekufa? Miezi yote hii najua, nasimama hapo kwenye spika nazama peke yangu!"

Akachukua jembe akaenda shambani. Nikajiambia wiki mbili ni nyingi, nitamchosha kwa maneno mpaka akubali. Kumbe mwenzangu ana akili za kishetani. Kwetu chombo kipya cha kwaya hubarikiwa, lakini tunasubiri sikukuu, tunakusanya na vingine. Yeye Jumapili ileile aliwahi sakristia asubuhi na mapema, akamwomba Padri, na Padri hajui lolote, akalinyunyizia gitaa maji ya baraka mbele ya waumini wote. Hyasinti akarudi nyumbani analipangusa kwa leso. "Haya," akasema. "Limebarikiwa. Kilichobarikiwa hakirudi dukani."

Nilimwangalia nikasikia kinyaa. Kinyaa kweli, sisemi kwa utani. Mtu mzima amemchukua Mungu akamfanya kufuli la kiburi chake! Jumatatu nikakimbia kwa Bwana Azizi, nikamweleza. Akakuna kidevu. "Mama, mimi ni Mwislamu, lakini kitu mlichokiombea siwezi kukitundika tena msumarini niuze. Watu watanielewaje?" Nikarudi nyumbani.

Mwezi uliofuata tukaalikwa Lituhi, sikukuu ya somo, mtakatifu msimamizi wa parokia ya kule. Tulipita Ngaka, malori ya makaa yamepanga foleni, Hyasinti akageukia upande wa pili. Lituhi joto, usipa, dagaa wa ziwani, wameanikwa kila mahali, na sisi wa mlimani tunajifuta jasho kwa kanga. Meshack akatupokea, gitaa begani. Hiyo Jazi yake niliichukia kwa macho siku zote. Rangi ya chungwa iliyochujuka, mfano wa uji aliotapika mtoto. Nikamwambia hivyohivyo mbele ya wenzangu wa sauti ya pili, akacheka sana, "Shemeji una mdomo." Mikono yake mikubwa, vidole vimevimba kwa kuvuta nyavu, kila kimoja kama muhogo.

Kwenye matoleo ndipo tulipoumbuka. Wimbo ukashuka pale chini, Hyasinti akanyoosha kidole, kidole hakikufika, spika ikatoa mguno kama mbuzi aliyekanyagwa, halafu kimya. Sauti ya pili yote tukaporomoka. Kanisa zima likatutazama sisi, wanawake, maana ndio tuliosikika tukipotea. Joakim akanigeukia, "Sauti ya pili, vipi nyie?" Mume wangu anatazama sakafu, ananiacha nitukanwe. Nilitamani nimpokonye lile gitaa nilitupe ziwani na baraka zake.

Baada ya Misa watu wakaenda kula, ugali wa muhogo na samaki. Mimi niliwaacha. Nikarudi kwenye chumba walichotupa tuweke vitu vyetu, nichukue mkoba wangu. Nikamkuta Hyasinti amekaa kwenye benchi na Jazi ya Meshack, bila waya, bila spika, anapiga ule wimbo wa matoleo. Wote, mpaka kule chini. Na kwenye mlango wa pili amesimama Meshack, anamtazama. Hyasinti akainua kichwa akatuona wote wawili. Akataka kuiweka chini, hajui aiweke wapi.

"Kaka," Meshack akasema, "miaka ishirini unanitukana."

Akainua mikono yake. "Na miaka ishirini vidole vyangu hivi vinagongana kwenye shingo hiyo. Nakanyaga nyuzi mbili kwa mpigo. Sikuichagua, nililetewa." Akaokota ile Presisheni nyeusi, akaikamata shingo, mkono ukajaa vizuri. "Hii yako imebarikiwa?"

"Imebarikiwa."

"Na yangu imebarikiwa. Basi haiuzwi, hairudi dukani. Tubadilishane."

"Watu watasemaje?" mume wangu akauliza. Lo! Mtu yuko majini anazama, anauliza watu wa nchi kavu watasemaje. "Ni mali ya kwaya," akaendelea. "Lazima tuwaeleze sababu."

"Eleza ukweli," nikamwambia. "Vidole."

Akautia mkono wa kushoto mfukoni.

Zilipokutana kwaya mbili chini ya turubai, kabla ya kuimba kwa zamu, Hyasinti akaomba nafasi. Nikajua sasa anasema. Akakohoa. "Ndugu zangu, tunaomba ruhusa mimi na Meshack tubadilishane magitaa. Mke wangu huyu ameipenda rangi ya lile la Lituhi. Amenisumbua mno, hanipi hata usingizi. Wanawake mnawajua."

Watu walicheka! Wenzangu wa sauti ya pili, walionisikia asubuhi ileile natukana rangi, wakanigeukia midomo wazi. Neno moja tu lilikuwa linatosha, niseme vidole, wote wangeuangalia ule mfuko wa suruali. Hyasinti ananitazama. Sijawahi kumwona mtu mzima ananitazama vile, na tumezika mtoto pamoja.

"Ndiyo," nikasema. "Rangi hiyo imenimaliza kabisa."

"Wanawake bwana!" Joakim akapiga makofi. Ruhusa ikatoka palepale.

Tulipoimba, akafika pale chini penye shimo. Nikakanyaga, na sikutumbukia. Besi ilikuwepo. Nililia, na nikajifuta upesi asije akaona akajidai.

Na Joakim, kwa utani wake usio na kipimo, akawaambia wanakwaya wanitafutie kitenge cha rangi ileile, zawadi ya mama mpenda rangi. Wakakipata. Nimeshonewa gauni lenye mabega. Nikijiangalia kwenye kioo nachefukwa, naona kama nanuka uji aliotapika mtoto kabla hata sijatoka nyumbani. Nimelivaa kila Jumapili tangu tulipotoka Lituhi, nasimama karibu na spika.