Sifuri Iliyotaka Kumuua Shangazi

Mwanangu, katika siku zote za ujana wangu, ninayoikumbuka zaidi ni ile niliyokaribia kumuua shangazi yangu kwa fizikia. Usicheke. Nakwambia kwa sababu juzi ulinipigia simu kutoka shuleni huko Jinja ukasema mambo ya uga wa umeme na potensheli umeyakariri yote, yamekwisha. Nilifurahi, halafu nikashtuka, maana mimi pia niliwahi kuyamaliza hivyohivyo.

Nilikuwa kidato cha tano hukohuko Jinja, wa kwanza darasani, na hakuna aliyehitaji kunikumbusha. Nikirudi likizo kwetu Busiu nilitembea na daftari kwapani hata nikienda kuteka maji. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenilea. Alinisifu sokoni mpaka wauza ndizi wakachoka kusikia jina langu.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, mti ulianguka ukakata waya wa umeme uliopita juu ya shamba letu la mahindi. Ncha ya waya ikalala kwenye matope. Shangazi alikimbia kumfungua ng'ombe wake aliyefungwa upande ule, lakini kabla hajamfikia, ng'ombe akaanguka akafa. Hakuwa ameugusa waya hata kidogo. Shangazi akasimama palepale, miguu imebanana, mikono kichwani.

"We mtoto!" akaniita. "Mguu yangu nasikia kama siafu inatembea ndani. Nifanye nini?"

Mimi nilikuwa barabarani na daftari langu. Na daftari lilisema wazi: potensheli ya ardhi, yaani volti zake, ni sifuri. Shangazi hajagusa waya, amesimama ardhini, basi tatizo liko wapi?

"Njoo tu, Shangazi!" nikapiga kelele. "Ardhi ni sifuri! Kimbia!"

Aliniamini. Kwa nini asiniamini, wakati ni yeye aliyekuwa akinitangaza? Akainua mguu.

"Mama, simama! Rudisha mguu hapohapo!"

Sauti ilitoka nyuma yangu. Alikuwa Bwana Wafula, Mkenya aliyetumia nusu ya maisha yake akivuta nyaya za umeme juu ya nguzo, kisha akahamia Busiu kutengeneza redio. Shangazi akaurudisha mguu kando ya mwenzake. Bwana Wafula akanigeukia.

"Kijana, hiyo sifuri yako iko wapi?"

"Ardhini, bwana."

"Ardhi gani? Hapo waya ulipogusa kuna maelfu ya volti. Hapa tuliposimama hakuna kitu. Hizo volti zinaishia wapi? Zinaruka?"

Mwanangu, hapo ndipo nilipoona. Shuleni nilikuwa nimechora mara ngapi ile miduara inayozunguka chaji, kila duara na potensheli yake, ndani kubwa, nje ndogo! Nilipata maksi zote. Sasa miduara ileile ilikuwa imetandazwa kwenye matope ya kwetu, na shangazi yangu yumo ndani yake. Volti zilishuka kidogo kidogo kutoka kwenye waya kuja barabarani, na karibu na waya zilishuka kwa ukali zaidi. Ukali huo wa kushuka ndio uga wenyewe. Ng'ombe, miguu ya mbele na ya nyuma ilikuwa mbalimbali, kwenye miduara miwili tofauti, na tofauti ile ilimpita mwilini ikamuua. Shangazi angepiga hatua ndefu kama nilivyomwagiza, angepitiwa vilevile.

"Asipanue miguu," nikasema. "Ikiwa pamoja, potensheli ya mguu huu na ule ni karibu sawa."

"Haya basi, mwambie. Anayemwamini ni wewe."

Nikamwambia. Asiinue mguu. Aburute, kisigino cha huu kisipite vidole vya ule, miguu iendelee kugusana, na aje kwangu moja kwa moja, mgongo kwa waya. Alikuja hivyo, nusu unyayo kwa nusu unyayo, akiomba Mungu kwa Kimasaaba, lugha yetu ya nyumbani, na kunitukana kwa Kiswahili. Sijawahi kuona mtu shujaa kama yule. Nilitoa jasho kuliko yeye. Alipofika barabarani nikamshika, nikalia mbele ya watu wote, na sioni haya kulisema.

Bwana Wafula hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliniambia, "Ulikuwa na jibu lote kichwani. Hukuuliza tu kama ndilo la pale."

Nimekuwa mwalimu wa fizikia hapa Mbale mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na najivuna. Acha nijivune. Najivuna kwa mafundi na madaktari waliopita mikononi mwangu, lakini zaidi kwa sababu muhula uliofuata nilirudi Jinja, nikasimama mbele ya darasa lililoniita profesa, nikasimulia aibu yangu yote na kuuchora ule mguu wa shangazi ubaoni. Siku hiyo ndiyo niliyokuwa wa kwanza kwelikweli. Wewe nawe najivunia, na ndiyo maana nakusumbua.

Basi nasaha yangu ni hii. Potensheli ya mahali pamoja, hata iwe kubwa namna gani, haikuambii utaumia au hutaumia; uliza daima tofauti kati ya hapa na pale. Ukiambiwa sifuri, uliza ni sifuri ya wapi. Usipojua, sema sijui, usione haya. Na usimwambie mtu apige hatua mpaka uwe umejua vizuri pale atakapokanyaga.

Mungu akuongezee akili, mwanangu, na akupe moyo wa kuuliza. Na kila atakayekuamini, afike salama.