Chaki Kabla ya Brashi

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya vibao vya maduka pale Butembo, mwenye karakana, Patron Paluku, hakunipa brashi. Alinipa chaki. Nilikuwa kijana wa haya, mwenye masomo ya primeri tu, na niliandika polepole.

"Polepole ni muzuri," akasema. "Benye mbio banamalizaka rangi yangu bure."

Wafanyabiashara wetu walileta mali kutoka China na Dubai, hata wakati wa vita, na kila mmoja alitaka kibao chenye sura ya kule alikonunua. Herufi za "Kichina" tulizifanya nene kichwani, nyembamba mkiani. Za "Kiarabu" tulizilaza, tukazipa mikia mirefu na nukta za urembo. Maneno yenyewe yalibaki ya kwetu. Patron alidai tuanze na mifupa, yaani herufi ya kawaida kwa chaki, ndipo tuivalishe.

Baadaye alinituma Beni, mtaa wa Bungulu, kwa Papa Kasereka, muuza vitambaa. Nilimwandikia "NGUO ZA DUBAI" kwa mtindo wa Kiarabu, rangi ya kijani kibichi. Kesho yake, kibao kimeshakauka, wakaja askari walioshika mji.

"Hii Kiarabu ni maandishi ya waasi ba pori," komanda wao akasema. "Unabaita hapa?"

"Mimi ni shemasi, afande! Iko Kiswahili tu!"

"Kiswahili gani iko na mikia? Mufunge!"

Wakamshika mikono. Mke wake akaanza kulia.

"Kijana, sema basi!" Papa Kasereka akanililia.

Nikapanda ngazi na chaki yangu, nikachora mifupa ndani ya kila herufi, kama nilivyofundishwa. Nyuma yangu nikasikia komanda akisoma taratibu: "N... gu... Nguo. Nguo za... Dubai!" Askari wake wakaangua kicheko.

"Muachilie," akasema. "Shemasi, kitambaa ya madame yangu iko wapi?"

Walipoondoka nilitaka kufuta chaki. Papa Kasereka akanizuia. "Acha. Pitisha rangi nyeupe palepale."

Wenye maduka wengine wakaupenda ule mstari mweupe. Tuliuchora mpaka Lubero. Patron alicheka sana: "Sasa mifupa imetoka inje!"

Leo macho yangu yamechoka, nimeweka brashi chini. Vijana wanazitoa herufi hizo kwenye kompyuta, mstari mweupe ukiwa ndani, wakidhani ni pambo tu. Mimi namshukuru Patron kwa chaki yake. Na Papa Kasereka, kila nikipita Bungulu, huwaita wajukuu wake: "Mukuje musalimie ule mutu hakusema kitu!"